Kalenda ya Mbu wa Bonde la Kilombero: Namna ya Kujua Mwezi na Saa ya Hatari Kijijini Kwako

Ifikapo Juni, mpunga umeshavunwa au unakaribia kwisha kuvunwa, maji yanaanza kukauka majarubani, na watu wengi wa Bonde la Kilombero wanaviacha vyandarua. Mlio wa mbu umepungua, usiku una baridi, basi chandarua kinakunjwa kinawekwa darini, au kinafunikia vifaranga uani. Kosa hili linatugharimu watoto. Mbu anayebeba sehemu kubwa ya malaria ya bonde hili ndiye yule anayebaki mvua zikikatika. Kwa kuwa ni mchache na hana kelele nyingi, tunadhani ameondoka.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza kalenda ya mbu ya kitongoji chako: daftari la mwaka mzima linaloonyesha mbu gani wanaongezeka mwezi gani, wanatoka maji gani, na wanauma saa ngapi. Unahitaji daftari, kopo la mvua, upawa au bakuli jeupe, tochi, na watu wawili wenye subira. Nimeuandika kwa ajili ya vijiji vilivyo kati ya Milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, yaani Ifakara, Namawala, Idete, Lupiro na jirani zake, mahali ambapo Taasisi ya Afya Ifakara imechunguza mbu kwa miongo mingi. Ukiwa kwingine, fuata hatua zilezile, lakini usiichukue miezi yetu. Pwani, Kanda ya Ziwa na nyanda za juu kila pahala pana mvua zake.

Kwanza, jua unamhesabu nani

Kuhesabu mbu wote pamoja hakusaidii. Mwaka wako wote utaharibika ukichanganya mbu wa chooni na mbu wa malaria, maana wa chooni ni wengi na watakupa picha ya uongo.

Mbu wa malaria, anofelesi, utamtambua kwa mkao. Akitua ukutani huinua kiuno juu, kichwa kikielekea ukuta, kama msumari uliopigwa upande. Mbu wa chooni, kuleksi, hukaa sambamba na ukuta, mgongo umepinda kidogo. Wa tatu, aidesi, ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Huyu huuma mchana, huzaliana kwenye matairi, ndoo na vifuu vyenye maji, na ndiye anayesambaza homa ya dengi, iliyowasumbua sana wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kisha huanguliwa maji yakiyafikia.

Ndani ya anofelesi kuna wawili wanaotuhusu. Anopheles arabiensis ana miguu yenye madoadoa. Anopheles funestus ni mdogo zaidi, mweusi, na miguu yake haina madoa. Kwa macho na tochi utakosea mara kwa mara, na wataalamu wenyewe hutumia darubini. Tena arabiensis na ndugu yake Anopheles gambiae hawatofautishwi hata kwa darubini, lazima maabara ipime vinasaba. Wewe andika “miguu ya madoa” na “miguu meusi”. Usipokuwa na hakika, andika “anofelesi” basi.

Kwa nini nasisitiza utengano huu? Utafiti uliofanyika vijijini Ulanga na Kilombero na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba funestus, ingawa walikuwa wachache kuliko arabiensis, walibeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria. Chukua mfano wa kufikirika. Tuseme usiku mmoja wa Aprili wameingia arabiensis 200, na mmoja katika kila 1,000 ana vimelea. Hatari ya nyumba hiyo, yaani wastani wa mbu wenye vimelea vya malaria walioingia usiku huo, ni 0.2. Tuseme usiku mmoja wa Julai wameingia funestus 20 tu, lakini wawili katika kila 100 wana vimelea. Hatari ni 0.4. Mbu wamepungua mara kumi na hatari imeongezeka mara mbili. Sababu yake ni tabia: arabiensis hula popote, ng’ombe na mbuzi wakiwamo, wakati funestus hupenda damu ya binadamu na hupenda kuifuata ndani ya nyumba.

Hatua ya 1: Anza Septemba au Oktoba, chora ramani ya maji

Watu huanza kuhesabu mbu mvua zikinyesha. Wewe anza kiangazi kikiwa kimekomaa, kabla ya mvua za vuli, kwa sababu maji utakayoyaona wakati huo ndiyo hayakauki. Hapo ndipo funestus wanapojificha mwaka mzima.

Zunguka kitongoji na wazee wanaojua mito na chemchemi, na vijana wanaochunga. Waulize wapi ng’ombe wanakunywa maji Oktoba. Utafutaji wa mazalia uliofanywa bondeni humu umewakuta funestus kwenye maji ya aina tatu: vidimbwi vidogo vinavyolishwa na chemchemi, mabwawa ya asili yanayobaki na maji karibu mwaka mzima, na kingo za vijito vinavyotiririka polepole. Mara nyingi ni maji maangavu, yenye kina cha zaidi ya nusu mita, na majani yanayochomoza juu ya uso wa maji. Kwa macho ya kawaida ni maji mazuri kabisa. Tumezoea kufundishwa kwamba mbu anazaliana kwenye uchafu, na fundisho hilo linamhusu kuleksi. Ukifyeka nyasi za uani na kuokota makopo umefanya usafi wa maana, ila funestus hukumgusa.

Chora kila maji kwenye ukurasa mmoja, uyape namba, uandike yapo hatua ngapi kutoka nyumba ya karibu. Acha nafasi ya kuongeza maji ya muda yatakayokuja na mvua: nyayo za ng’ombe, mapito ya matrekta, mashimo ya matofali, majaruba yaliyopandwa karibuni. Hayo ni ya arabiensis. Anapenda kidimbwi kidogo, kifupi, kinachopigwa na jua.

Hatua ya 2: Kopo la mvua

Tafuta kopo ambalo mdomo na kitako vina upana sawa, ulisimamishe wazi mbali na mti na paa, juu ya kigingi ili maji ya chini yasirukie ndani. Kila saa 1 asubuhi pima kina kwa rula kwa milimita, andika, mwaga. Hata kama ni sifuri, andika sifuri. Nafasi tupu ikikaa wiki mbili huwezi tena kujua kama mvua haikunyesha au kama mtu alisahau.

Bondeni kwetu mvua ya mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 1,800. Kiasi hicho hakikuelezi mbu bila kujua kilivyogawanyika. Mvua za wastani zinazoachana siku mbili tatu hujaza vidimbwi na kuviacha vitulie. Mvua kubwa ya mfululizo huvisomba viluwiluwi, na unaweza kuona mbu wakipungua kwa wiki nzima katikati ya masika, kisha wakarudi kwa fujo. Usishangae, na usiseme dawa imefanya kazi kabla ya kuangalia kopo lako.

Hatua ya 3: Upawa kila wiki

Chagua maji sita: matatu ya kudumu na matatu ya muda. Nenda siku ileile ya wiki, asubuhi. Usiruke wiki, kwa sababu katika joto letu yai la anofelesi linafika kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 10 hadi 14, wakati mwingine chini ya hapo. Ukikaa wiki tatu, kizazi kizima kimepita bila kukiona.

Watafiti hutumia upawa wa mililita 350. Bakuli jeupe lenye mpini linatosha, mradi uwe unatumia hilohilo mwaka mzima. Sogea kivuli chako kikiwa nyuma, maana viluwiluwi vikiona kivuli huzama. Simama dakika mbili maji yatulie, kisha chota mara kumi, pembeni na kwenye majani. Katikati ya bwawa huwa hamna kitu. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Cha kuleksi na aidesi huning’inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa juu. Andika hesabu mbili, wadogo kando na wakubwa kando. Wakubwa ndio habari, maana wanakaribia kuruka, ilhali wengi wa wadogo watakufa au kuliwa na wadudu wa majini.

Hesabu yake ni nyepesi. Michoto 60 ikitoa viluwiluwi wakubwa 24, wastani ni 0.4 kwa mchoto. Andika wastani wa maji ya kudumu peke yake na wa maji ya muda peke yake. Mistari hiyo miwili ikichorwa kwa mwaka ndiyo itakayokuonyesha mbu wawili wakipokezana.

Jambo moja la usalama: usiingie maji ya kijito peke yako, na kwenye mabwawa yenye mamba usichote kabisa. Vaa mabuti. Kichocho nacho kipo kwenye maji kama hayo.

Hatua ya 4: Tochi alfajiri ndani ya nyumba

Chagua nyumba nne ambazo wenyewe wamekubali kwa hiari: mbili za udongo na nyasi, mbili za tofali na bati. Mara mbili kwa mwezi, kabla milango na madirisha hayajafunguliwa, ingia na tochi ukague kuta, upande wa chini wa paa, nguo zilizotundikwa, na nyuma ya kabati. Hapo mbu aliyeshiba hupumzika. Mfunike kwa glasi, pitisha kadi ngumu chini yake, umtazame mkao na miguu. Ukiona tumbo jekundu, amekula usiku uleule. Tumbo likiwa la kijivu lililovimba, anakaribia kutaga.

Tumia dakika 15 kwa kila nyumba, zisizidi wala zisipungue, ili Februari ilingane na Julai.

Ukiwa na bahati ya kupata mtego wa taa kupitia ofisi ya afya ya wilaya au watafiti, utundike upande wa miguuni wa kitanda chenye mtu aliyelala ndani ya chandarua, mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mtu aliye ndani ya chandarua ndiye chambo, na yuko salama. Bila mtu, mtego hunasa mbu wachache sana.

Sasa niseme kwa uzito wote. Usikae nje umekunja suruali uhesabu wanaokutua miguuni. Watafiti wamewahi kutumia njia hiyo, lakini kwa kibali cha kamati za maadili na wahusika wakipimwa malaria na kutibiwa. Kijijini hatuna kinga hiyo. Kijana akikuambia yuko tayari, mkatalie.

Hatua ya 5: Saa za mbu, saa za watu

Sehemu hii haihitaji kugusa mbu hata mmoja, na ndiyo niliyoiona ikibadilisha mawazo ya watu kuliko zote. Chora vyumba 12 kwa mstari, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Juu yake andika mbu anafanya nini. Chini yake andika watu wa kaya wako wapi kila saa: nje, ndani hawajalala, au ndani ya chandarua.

Mstari wa juu unaujua tayari. Arabiensis huanza mapema, giza likiingia, na huuma nje kwa wingi watu wakiwa bado wanapika, wanakula, wanatazama mpira kibandani. Funestus kawaida yake ni usiku wa manane kwenda alfajiri, ndani ya nyumba, na wengine huendelea hata kukikucha. Kuleksi anapiga kelele usiku kucha.

Mstari wa chini uulize kila kaya, na uwaulize akina mama peke yao, kwa sababu baba akiulizwa hujibu saa zake. Utakuta mambo kama haya. Mama yuko jikoni nje tangu saa 12 jioni mpaka saa 3, na mtoto mgongoni. Vijana wako barabarani mpaka saa 5. Halafu saa 10 au 11 alfajiri mama ametoka chandaruani kuwasha moto, mwanafunzi wa darasa la mtihani anajisomea, mzee anatawadha kwa ajili ya swala. Kila mmoja wao ana chandarua kizuri, na kila mmoja yuko nje yake saa ambayo mbu yuko kazini. Wakusanye wanakaya muutazame mstari huo pamoja. Hutahitaji kuhubiri.

Fanya zoezi hili mara tatu kwa mwaka: Desemba, Aprili na Julai. Saa za watu hubadilika na kilimo kuliko saa za mbu zinavyobadilika.

Hatua ya 6: Kusoma mwaka

Ukishakuwa na miezi michache, linganisha na mwendo wa kawaida wa bonde.

Novemba hadi Januari, mvua za vuli zinafungua msimu. Maji ya muda yanajaa, arabiensis wanaanza kupanda, watu wanalima na kupanda. Februari inaweza kupoa kidogo. Kuanzia Machi masika inashika, majaruba yana maji na mpunga bado mfupi, jua linafika majini, na arabiensis wanafikia kilele chao, kwa kawaida kati ya Machi na Mei. Hapa ndipo kila mtu analalamika mbu.

Mpunga ukirefuka na kufunika maji, mambo yanageuka. Arabiensis hapendi kivuli, funestus anakipenda. Kuanzia mwisho wa masika, Mei, Juni, Julai, mstari wako wa maji ya kudumu utapanda wakati wa maji ya muda unashuka. Tazama sasa watu wako wapi: Aprili na Mei wanaamia ndege, kisha wanavuna. Familia nzima zimehamia shambani, zinalala kwenye madungu na vibanda vya nyasi visivyo na kuta kamili, karibu kabisa na maji. Chandarua kimeachwa nyumbani kijijini. Agosti na Septemba mbu ni wachache, na karibu wote wa malaria utakaowakuta ndani watakuwa wenye miguu meusi.

Kumbuka pia ucheleweshaji. Mvua ikitulia vidimbwini tarehe 10 Machi, mbu wapya wataruka yapata tarehe 22. Mbu mpya hana vimelea. Lazima aume mgonjwa, kisha vimelea vikue ndani yake siku 10 hadi 14, kwa hiyo ataanza kuambukiza wiki ya kwanza au ya pili ya Aprili. Aliyeumwa naye huchukua siku 10 hadi 15 kuugua. Foleni ya zahanati itarefuka mwishoni mwa Aprili, wiki sita au zaidi baada ya mvua. Muombe mganga wa zahanati idadi tu ya waliokutwa na malaria kila wiki, bila majina, uichore chini ya mstari wa mvua. Pengo hilo la wiki sita ndilo muda wako wa kujiandaa.

Hatua ya 7: Kuifanyia kazi kalenda

Oktoba, maji ya kudumu yakiwa machache na yanajulikana, ndiyo wakati wa kuyashughulikia. Kwenye majani mengi fyekeni kingo, na mkubaliane na mtendaji wa kijiji kuhusu dawa ya kuua viluwiluwi itokanayo na bakteria, ile inayotengenezwa Kibaha. Haidhuru samaki wala mifugo ikitumiwa kwa kipimo, lakini inarudiwa kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo panga nani ataifanya. Usimwage mafuta machafu wala dawa ya shamba kwenye maji ambayo watu na ng’ombe wanakunywa.

Januari, kagueni vyandarua na kushona matundu. Wajawazito na watoto wachanga wapate vyao kliniki. Ikiwezekana chagueni vile vyenye PBO, kiambato kinachoongezwa kwenye dawa ya chandarua, kwa sababu mbu wa bonde hili wameshakuwa sugu kwa dawa ya kawaida ya vyandarua, na PBO hupunguza usugu huo. Hata hivyo chandarua cha kawaida kisichotoboka bado kinamzuia mbu, dawa iwe na nguvu au isiwe nayo.

Machi, kazi ni ya jioni. Sogezeni chakula na kupika kuwe mapema, watoto wavae nguo ndefu, wenye uwezo wapake dawa ya kufukuza mbu. Wavu wa madirisha na kuziba upenyo kati ya ukuta na paa ni gharama ya mara moja inayofaa miezi yote. Kama pesa inatosha kitu kimoja, ningechagua kuziba upenyo wa paa, maana ndio mlango mkuu wa anofelesi.

Aprili, kabla familia haijahamia shambani, chandarua cha shambani kiwe kimeshafungwa kwenye mzigo pamoja na sufuria na jembe. Kwenye dungu simika nguzo nne fupi, funga kamba, ukingo uingie chini ya mkeka. Chukueni na karatasi yenye jina la zahanati iliyo karibu na shamba. Homa ikimpata mtoto huko, apimwe kwa kipimo cha haraka ndani ya siku moja, na dawa mseto apewe baada ya kipimo, amalize dozi.

Juni hadi Septemba chandarua kisishuke. Siku ile ya Julai ukimkuta mbu mwenye miguu meusi na tumbo jekundu nyuma ya kabati, mpeleke akiwa ndani ya glasi kwa jirani aliyeshakunja chake, mpe tochi amtazame mwenyewe.

Septemba nakili kurasa za mwaka mzima mara mbili, moja kwa zahanati na moja kwa serikali ya kijiji, na orodha ya maji ya kudumu iwe ukurasa wa kwanza. Oktoba anza daftari jipya kwa namba zilezile za maji, bakuli lilelile, nyumba zilezile nne.